Maswali na Majibu ya Wasomaji: Sarafu za Wazee, Mikono ya Vijana

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya ukurasa huu zimetoka Tanga, na karibu zote zinazungumzia jambo moja, nalo ni sarafu za zamani zilizobaki majumbani na namna ya kuzitoa kwa watoto na vijana wanaopenda kuzikusanya. Tumechagua tano. Majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

Swali: Mstaafu wa reli, Chumbageni

Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu alikuwa karani wa malipo katika shamba la mkonge. Kila alipoona sarafu iliyomvutia aliibadilisha kwa fedha yake ya mfukoni, akaitia ndani ya kopo la biskuti ambalo leo liko kwangu. Mna pesa za shaba, rupia na heller za Mjerumani, senti za tundu za wakati wa Mwingereza, shilingi za simba na zile za mwanzo za Mwalimu Nyerere. Wanangu hawana hamu nazo, na mmoja ananishauri niuze. Mimi ningependa ziwe sadaka jariya, yaani sadaka yenye thawabu isiyokatika, kwa ajili ya baba, vijana wa mji huu wazione na wajifunze, ila nimeshuhudia vitu vilivyotolewa kwa nia njema vikiishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nifanye nini?

Jibu

Shikamoo mzee wangu. Hofu yako ina msingi, kwa sababu kitu cha zamani kinachotolewa bila maandishi hakina wa kukitetea siku mwalimu mkuu anapohamishwa au kabati linapohitajika kwa kazi nyingine. Kwa hiyo nakuomba usianze kwa kwenda shuleni. Anza kwa kununua daftari.

Kaa na wajukuu wawili, mzimwage sarafu juu ya kitambaa laini, na kila moja ipewe namba, iandikwe mwaka wake, maneno na picha zilizo pande zote mbili, rangi ya madini yake, na uzito wake iwapo sonara mmoja wa mjini atawaazima mizani. Kwa zile za kawaida, mtoto aweke karatasi nyembamba juu ya sarafu na kuisugua taratibu kwa penseli iliyolazwa, naye ataona sura ya sarafu ikijichora yenyewe katika ukurasa. Zilizo adimu zipigwe picha tu. Kisha andika, kwa maneno yako mwenyewe, yote unayoyakumbuka kuhusu baba yako: ni shamba lipi, siku ya mshahara watu walipangaje mistari, sarafu zilifika zikiwa zimefungwa vipi. Rupia za aina hiyo ziko nyingi duniani, lakini maelezo ya karani aliyezihesabu mezani pake Tanga hayapatikani katika katalogi yoyote, na usipoyaandika wewe hakuna mwingine atakayeyaandika.

Nakusihi pia usiwaruhusu wajukuu kuzing'arisha. Ndimu, majivu, mchanga na dawa za kusugulia shaba huondoa utando wa asili uliojengeka kwa miaka mingi, na ukishaondoka haurudi. Sarafu hubaki inang'aa, lakini imekwaruzwa na imepoteza thamani yake machoni mwa anayejua. Adui wenu mkubwa hapo Chumbageni ni hewa ya bahari yenye chumvi na unyevu, ambayo hulitia kutu kopo la bati na kuzifikia sarafu zilizomo. Zihamishieni katika bahasha ndogo za karatasi, moja kwa kila sarafu, zikae mahali pakavu, na mziepushe na mifuko ya plastiki laini ya PVC, kwa kuwa plastiki hiyo hutoa kemikali zinazoacha utando wa kijani unaonata. Anayeishika aishike kwa kingo.

Sasa kuhusu vilivyomo. Kwa maelezo yako, kopo hilo limebeba sehemu kubwa ya historia ya fedha ya pwani yetu tangu mwaka 1890. Pesa za shaba zilizotolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki kati ya mwaka 1890 na 1892 zina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, pamoja na mwaka wa Hijria, yaani wa kalenda ya Kiislamu, kama 1307. Wakati huo rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64. Kuanzia mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, rupia moja ikawa heller 100. Waambie wajukuu watafute herufi ndogo: A inamaanisha kwamba sarafu ilitengenezwa Berlin, na J inamaanisha Hamburg. Wakikuta T, watulie kidogo, kwa maana hiyo ni Tabora. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari za Uingereza zilifunga njia ya bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikakoma kuja, na Wajerumani wakalazimika kufua fedha zao Tabora ndani ya karakana ya reli. Heller 20 za mwaka 1916 ndizo zilizotoka huko kwa wingi, nyingine za shaba nyekundu na nyingine za shaba ya njano, na nyingi kati yake zimepigwa kwa namna inayoonyesha wazi kwamba kazi ilifanywa kwa haraka na kwa vifaa vilivyopatikana. Huko huko ndiko ilikopigwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kabla Wabelgiji hawajauteka mji huo mwezi Septemba 1916. Nadhani wewe, mtu wa reli, una haki ya kuisimulia habari hiyo kuliko mwalimu yeyote wa historia.

Katika senti za tundu tafuteni za mwaka 1936. Mfalme Edward VIII hakutimiza mwaka kwenye kiti cha enzi, na sarafu zenye sura yake hazikutolewa rasmi kwa matumizi ya umma nchini Uingereza. Lakini kwa kuwa senti 5 na senti 10 za Afrika ya Mashariki zilikuwa na tundu katikati na hazikuwa na sura ya mtu, zilipigwa zikiwa na jina lake na zikatumika kununulia chumvi na viberiti katika masoko yetu. Si ghali, na ndiyo sababu nazipenda kwa ajili ya watoto.

Daftari likikamilika, ndipo ugawe. Kwa maoni yangu kopo lote lisiende mahali pamoja. Zile chache zilizo adimu, zinazoweza kumtia mtu tamaa, zingefaa makumbusho, na kwenu yapo makumbusho ya Urithi ndani ya Boma la zamani. Ukifika uliza kama kila sarafu itaingizwa kwa namba katika rejista yao, kama watakupa hati iliyotiwa saini na muhuri, na kama wanafunzi wataruhusiwa kuja kuziona kwa utaratibu unaojulikana. Seti moja ya mafunzo, isiyo na kitu cha thamani kubwa, ikae shuleni au maktaba. Zilizobaki, yaani zile zinazojirudia, zitoe ziwe mali ya watoto wenyewe, waende nazo nyumbani. Nalisisitiza fungu hili la tatu kuliko mengine mawili, ingawa watoaji wengi hulisahau. Mtoto anayetazama sarafu nyuma ya kioo huondoka akiwa ameona kitu cha watu. Aliyepewa senti tano yenye tundu iwe yake atauliza imetoka wapi, na baada ya hiyo atatafuta ya pili.

Umetaja sadaka jariya. Ukitaka seti ya shule iwe wakfu, maana yake ni kwamba haitauzwa, haitagawiwa wala kurithiwa, na itahitaji msimamizi anayetajwa kwa maandishi. Nenda kwa shekhe unayemwamini, umweleze bayana kwamba sarafu hizi hazikusudiwi kutumiwa wala kukopeshwa, bali kutazamwa na kusomewa, ili aijue sura halisi ya jambo kabla hajakujibu. Na usiliache mpaka liwe la wasia, kwa kuwa wasia hauvuki theluthi moja ya mali na huleta maneno baada ya msiba. Hiba inayotolewa na mtu aliye hai na mwenye afya, ikapokewa mkononi, hukamilika hapo hapo. Waite wanao wote siku ya makabidhiano na uwaombe wawe mashahidi, hasa yule anayekushauri uuze.

Swali: Mwalimu wa shule ya sekondari, Pongwe

Mfadhili mmoja ametupa mfuko wa sarafu za zamani kwa ajili ya wanafunzi. Nilipozigawa, kila mmoja alitaka zile za madini ya fedha, ugomvi ukazuka, na wanafunzi wawili wameshaziuza zao. Je, kuna njia bora ya kugawa?

Jibu

Ipo, Mwalimu, na imejaribiwa kwa muda mrefu na watu wenye shughuli hii. Chama cha wakusanyaji wa sarafu cha Marekani, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1891, kina utaratibu wa minada ya vijana ambamo wanachama wakubwa hutoa sarafu bure, nao vijana huzinunua kwa fedha ya kuigiza ambayo haiuzwi popote. Fedha hiyo huchumwa kwa kazi, kama vile kuandika makala, kutoa mada mbele ya wenzao au kuandaa maonyesho. Mtoto wa tajiri hana cha kumzidi mtoto wa mvuvi katika mnada kama huo, kwa sababu mfuko wa baba hauingii.

Unaweza kuufanya Pongwe kwa daftari na muhuri wa shule tu. Toa alama kwa mwanafunzi aliyeandika ukurasa mmoja kuhusu sarafu moja, kwa aliyemhoji bibi au babu yake kuhusu bei za zamani, kwa aliyewafundisha wadogo wa kidato cha kwanza kusoma mwaka na herufi, na kwa aliyetunza bahasha zikakaa katika mpangilio. Mwisho wa muhula fanyeni mnada mbele ya wazazi. Ninakuomba usitoe alama kwa matokeo ya mtihani, kwani wanaofaulu wana zawadi zao, na klabu hii inaweza kuwa mahali pekee ambapo mwanafunzi wa wastani anang'ara. Angalia pia kwamba wasichana hawaachwi nyuma. Mahali pengi shughuli hii imegeuzwa ya wavulana bila sababu yoyote.

Uzuri wa Tanga ni kwamba wengi wa wanafunzi wako wamepita chuoni, yaani madrasa, na wanasoma herufi za Kiarabu. Weka mbele yao pesa ya mwaka 1307, au ile ya Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar yenye picha ya mizani na mwaka 1299, usiseme neno, kisha usubiri. Atakayeisoma kwa sauti atakuwa ametumia elimu aliyodhani ni ya chuoni tu kufungua jambo la historia, na kubadili mwaka wa Hijria kuwa wa Miladia litakuwa somo la hesabu la siku hiyo.

Kuhusu ugomvi wa sarafu za fedha, yako masimulizi ya Mmarekani Eric P. Newman ambayo hunisaidia. Alipokuwa na umri wa miaka 7 babu yake alimpa senti moja ya mwaka 1859. Kijana huyo akaanza kwenda kwenye duka la muuza sarafu mjini St. Louis, na muuzaji, badala ya kufurahia kupata mteja, alimkatalia kununua sarafu aliyoitaka mpaka kwanza aazime kitabu, akisome na aje aeleze alichokielewa. Newman aliishi miaka 106, akawa mmoja wa watafiti wakubwa wa sarafu za nchi yake, na mkusanyiko wake ulipouzwa mnadani kuanzia mwaka 2013 ulileta makumi ya mamilioni ya dola, ambazo zilielekezwa katika elimu na kazi za hisani. Senti ya babu haikuwa na thamani kubwa, na muuzaji yule alipoteza mauzo ya siku moja tu.

Kwa hiyo mkitafuta wafadhili wengine, waombeni vitu vya bei ndogo. Seti ya sarafu za kwanza za Tanzania za mwaka 1966, yaani senti 5 yenye samaki sulisuli, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi 1 yenye mkono ulioshika mwenge, inatosha kumshughulisha mtoto muhula mzima, na bado kuna senti 10 yenye pundamilia iliyokuja mwaka 1977. Watoto kumi wenye seti hiyo ni bora kuliko mmoja mwenye rupia ya fedha ambayo mama yake atalazimika kuificha.

Wale wawili waliouza usiwaadhibu. Walipewa, zikawa zao, na huenda nyumbani palikuwa na haja. Safari ijayo sarafu ziwe za kuazimwa kwa muhula mmoja, na anayezitunza na kuzieleza ndiye anayemilikishwa.

Swali: Mama wa watoto watatu, Makorora

Mwanangu wa miaka 11 amekuwa mgonjwa wa sarafu. Chenji nikimtuma dukani hairudi yote, anasema anakusanya. Hilo naweza kulivumilia, lakini juzi wamerudi kutoka ziara ya Tongoni na kipande kidogo cha shaba chenye maandishi, anasema amekiokota karibu na makaburi. Kuna mtu mtaani amesikia na anataka kukinunua. Je, nimruhusu?

Jibu

Hapana, mama, usimruhusu, wala kipande hicho kisikae nyumbani kwako. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na mtu aliyekiona kimoja anapaswa kutoa taarifa kwa ofisa wa serikali au mhifadhi wa makumbusho. Kukiuza au kukisafirisha bila kibali ni kosa. Tongoni ni mahali penye msikiti na makaburi ya karne nyingi zilizopita, na chochote kinachookotwa pale huhesabiwa kuwa cha zamani mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Mpeleke mwanao kwa msimamizi wa eneo au kwa ofisa utamaduni wa halmashauri, akikabidhi yeye mwenyewe kwa mkono wake, na umwombe ofisa aandike jina la mtoto katika taarifa kama aliyekiona.

Usimgombeze. Kabla ya kwenda, mwambie achore ramani: kaburi lipi, upande gani, hatua ngapi, kilikuwa juu ya ardhi au ndani ya mchanga. Hilo ni la maana zaidi kuliko anavyodhani. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika ufukwe wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake, na tano kati yake zilikuwa za shaba za masultani wa Kilwa. Kilwa na Australia zimetengwa na Bahari ya Hindi nzima. Isenberg hakujua ameokota nini, ila aliweka alama kwenye ramani kuonyesha mahali alipozikuta, na ni alama hiyo iliyowawezesha watafiti miaka mingi baadaye kurudi pale pale na kuuliza sarafu zetu zilifikaje huko. Hata hazina ya Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, yenye sarafu zaidi ya 2,000 za fedha zilizofukuliwa mwaka 1984, imewafundisha wanahistoria mengi kwa sababu palipozikwa panajulikana. Sarafu iliyouzwa mtaani haisemi tena imetoka wapi.

Huyo anayetaka kununua, mwepuke. Nchini kwetu kumeenea maneno kwamba rupia za Mjerumani zina nguvu za ajabu, au kwamba ndani yake mna madini yanayotafutwa kwa mamilioni, na kwa maneno hayo watu wameuza mashamba na wengine wamechimba sakafu za nyumba za watu. Rupia ya Mjerumani ni sarafu ya fedha yenye uzito wa gramu 11.66, basi. Ina thamani kwa mkusanyaji na kwa mwanahistoria, thamani ambayo inaweza kuulizwa wazi mchana na mbele ya mashahidi. Mwanao alijue hilo mapema, maana watoto wanaopenda sarafu ndio wa kwanza kufuatwa na matapeli.

Ongezeko dogo: katika masanduku ya bibi zetu hupatikana riale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780. Usiogope kwamba ni lazima iwe imevuka mpaka wa 1863, kwa sababu sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile ya 1780 hata katika karne ya 20. Mtaalamu atazitofautisha.

Kuhusu chenji, mwekee mpaka. Abaki na moja ya kila aina: 50 ya faru, 100 ya swala, 200 ya simba na 500 ya nyati, ambayo ilianza kutumika mwaka 2014. Baada ya hapo atafute miaka tofauti kwa kubadilishana, shilingi kwa shilingi, na chenji yako irudi kamili. Ukitaka kumpa sadaka yenye faida, mnunulie lenzi ya kukuzia na daftari la kurasa ngumu.

Swali: Msomaji aliyezaliwa Raskazone, sasa anaishi Uingereza

Nina sarafu nyingi za nchi nilizopitia. Je, zinafaa kupelekwa kwa watoto wa Tanga, au ni takataka?

Jibu

Zinafaa sana, mradi zimepangwa. Mfuko wa kilo tano zilizochanganyika ni mzigo kwa mwalimu. Bahasha ishirini, kila moja ikiwa na nchi moja na karatasi inayosema ni nchi gani na sarafu inanunua nini huko, ni masomo ishirini ya jiografia. Weka hata zile zilizokwisha muda, kama paundi ya duara ya Uingereza iliyoondolewa katika matumizi mwaka 2017, kwa kuwa hizo hazina kishawishi cha kwenda kubadilishwa. Mpe mtu anayekuja likizo badala ya kuzituma kwa posta, na barua ya orodha itangulie kwa mkuu wa shule.

Swali: Wanafunzi wa kidato cha tatu, Ngamiani

Shikamoo Mhariri. Klabu yetu ya sarafu inataka kusaidia wenzetu wasio na madaftari na sare. Baadhi yetu wanasema tuuze sarafu chache tulizopewa na wafadhili, wengine wanakataa. Tunaomba ushauri.

Jibu

Marahaba wanangu. Nawaunga mkono wanaokataa, lakini nawapenda wote kwa kuliwaza jambo hili. Sarafu mliyopewa ili mjifunze ina sharti la aliyeitoa, hata kama hakulitamka, na kuigeuza fedha bila kumuuliza ni kuvunja amana, ijapokuwa fedha yenyewe inakwenda kwa mhitaji. Mwandikieni aliyewapa. Akiridhia kwa maandishi kwamba zile zinazojirudia ziuzwe, uzeni. Akikataa au asipojibu, zibaki.

Sarafu kusaidia jambo jingine si geni nchini kwetu. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu maalumu zenye wanyama: shilingi 25 ya twiga na shilingi 50 ya faru, zote za fedha, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye picha ya duma. Zilikuwa sehemu ya mpango wa mashirika ya kimataifa ya uhifadhi, WWF na IUCN, ambamo nchi mbalimbali zilitoa sarafu za kuuzwa kwa wakusanyaji, na sehemu ya mapato ikaenda kuhifadhi wanyamapori. Angalieni jinsi walivyofanya: tangu mwanzo zilitengenezwa kwa lengo hilo, na mnunuzi alilijua.

Ninyi fanyeni maonyesho. Ombeni ruhusa ya mkuu wa shule, pangeni meza kwa vipindi, kuanzia rupia hadi shilingi ya leo, na kila meza iwe na mwanafunzi anayeweza kueleza bila kusoma. Kiingilio kiwe daftari moja au kalamu mbili badala ya fedha taslimu, ili msaada ufike ukiwa katika umbo lake na pasiwe na wa kushukiwa. Mgeni akitaka kuchangia fedha, azipokee mwalimu mlezi kwa stakabadhi, zihesabiwe na watu wawili, na jumla ibandikwe ubaoni siku hiyo hiyo. Orodha ya watakaopewa msaada ibaki kwa walimu peke yao. Hakuna mtoto atakayefurahi kuitwa mbele ya umati kupokea daftari.

Tengeni pia meza moja ya wazee, mkiwa na mwaliko unaosema kwamba yeyote mwenye sarafu asiyoijua aje nayo aelezwe bure kisha aondoke nayo. Msiombe kupewa. Wekeni tu daftari la kuandika jina la sarafu, mwaka wake na alichosimulia mwenyewe, kwa idhini yake. Wengine watarudi wiki ijayo wenyewe wakitaka kuwaachia kitu, na hapo mkumbuke hati na saini kama tulivyomshauri mzee wa Chumbageni, ambaye kwa kweli mngefanya vizuri kumwalika afungue maonyesho, iwapo atakubali tumfikishie ombi lenu. Mkiwa na tarehe, tuandikieni mapema. Tutaitangaza katika ukurasa huu bila malipo.